Nyamazisha Kelele, Usizime Tahadhari

Somo kwa makatibu wa matawi na wanachama wote wa Arua na Koboko



Siku hizi matawi mengi ya vyama vya wafanyakazi huandika kumbukumbu za mikutano, orodha ya wanachama na hesabu za ada kwa kompyuta ya mkononi, ile ambayo wengi wetu tunaiita laptopu. Ni chombo chenye manufaa. Kinapunguza mafaili, na mtu anaweza kukipakia kwenye begi akasafiri nacho kutoka Arua hadi Koboko. Lakini kina tabia moja inayokera: kinalia bila kuulizwa. Ukikiwasha kinaimba. Ukibonyeza pasipostahili kinagonga. Ukichomeka flashi kinalia, ukiichomoa kinalia tena.

Huenda mtu akasema kwamba jambo hili ni dogo, halifai kutiwa katika gazeti la chama. Tuangalie basi mkutano wa tawi ulivyo hapa kwetu. Mwanachama mmoja anasema Kilugbara, mwingine Kikakwa, mwingine Kinubi, na mkalimani anatafsiri kwa Kiswahili. Mfanyakazi amesimama anaeleza jinsi alivyoumia mkono kwenye mashine, au siku ngapi hakulipwa. Si rahisi kwake kusema mbele ya watu. Kompyuta ikigonga mara tatu katikati ya maneno yake, anasita, mkalimani anapotea, na katibu anaandika nusu ya habari. Na kama maneno hayo yanarekodiwa, kwa ruhusa yake mwenyewe, ndani ya kompyuta hiyo hiyo, ubaya unazidi. Mlio unatoka kwenye spika na kuingia moja kwa moja kwenye maikrofoni iliyo karibu nayo. Siku ya kumpelekea habari Ofisa wa Kazi wa wilaya, ambaye Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imempa kazi ya kupokea malalamiko yetu, tarehe ya ajali haisikiki. Kinachosikika ni mlio.

Kwa sababu hiyo wapo makatibu wanaokata shauri la haraka: wanazima sauti yote ya kompyuta na kuiacha hivyo mwaka mzima. Dawa hiyo ina ugonjwa wake, kama tutakavyoona. Somo la leo linahusu njia iliyo bora: kunyamazisha sauti zisizo na kazi, na kuziacha zenye kazi.

1. SAUTI HIZI ZIMETOKA WAPI?

Mashine ya ofisi haikuanza kulia leo. Taipureta ya zamani ilikuwa na kengele ndogo ndani yake. Mpiga chapa alipokaribia mwisho wa mstari kengele iligonga, naye akajua kwamba nafasi inakwisha, arudishe gari la mashine aanze mstari mpya. Kengele ile ilikuwa na maana moja tu, na kila mpiga chapa aliijua.

Mashine za simu za maandishi nazo zilikuwa na kengele ya kumwita mhudumu aliye upande wa pili. Mwaka 1963 wataalamu wa Marekani walipopanga orodha ya namba za kuwakilisha herufi ndani ya mashine, inayoitwa ASCII, waliipa kengele namba yake: namba 7. Mashine ikipokea namba hiyo haiandiki herufi yoyote, inagonga kengele. Namba hiyo imo katika kompyuta hadi leo.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo, ilitia ndani spika ndogo ya kutoa mlio. Mlio mmoja mfupi wakati wa kuwasha ulikuwa na maana kwamba mashine imejikagua na ni nzima. Milio ya namna nyingine ilimwambia fundi aina ya hitilafu.

Mpaka hapo sauti ilikuwa ishara ya kazi. Baadaye ikaingia biashara. Kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows 95 mwaka 1995, ilimpa mwanamuziki wa Uingereza, Brian Eno, kazi ya kutunga muziki wa sekunde chache wa kufungulia mashine. Muziki ule haumwambii mfanyakazi afanye nini. Kazi yake ni kumpendeza mnunuzi na kumkumbusha jina la bidhaa. Tangu hapo kompyuta zimejaa sauti za aina zote mbili, ishara na mapambo, nazo zinatoka katika spika moja. Ndiyo maana mtu aliyechoshwa na mapambo huzima na ishara pamoja nayo.

2. MASWALI MATATU

Kabla ya kuzima sauti yoyote, katibu ajiulize maswali haya:

(a) Sauti hii inaniambia nini?
(b) Nikiisikia, napaswa kufanya nini?
(c) Isiposikika, ni nani atapata hasara?

Sauti isiyo na jibu hata kwa moja ya maswali hayo ni debe tupu, na tunajua kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Zima. Sauti yenye majibu yote matatu, iache, hata kama inaudhi.

Tujaribu. Wimbo wa kuwasha: unaniambia kwamba kompyuta imewaka, jambo ninaloliona kwa macho. Sina la kufanya, wala hakuna atakayepata hasara. Zima. Mlio wa kuchomeka flashi: una maana kidogo, lakini kioo kinaonyesha habari hiyo hiyo. Wakati wa mkutano, zima. Mlio wa betri kwisha: unaniambia kwamba kazi yangu iko hatarini, napaswa kuihifadhi na kutafuta umeme, usiposikika, wanachama wote watapoteza kumbukumbu zao. Usizime.

3. NAMNA YA KUFANYA

Kompyuta nyingi katika ofisi zetu hutumia Windows, na maneno kwenye kioo huwa ya Kiingereza. Kwa hiyo tunayaandika hapa kama yatakavyoonekana, ili msomaji ayafananishe herufi kwa herufi.

Hatua ya kwanza. Bonyeza na kushikilia kitufe chenye alama ya dirisha, kisha bonyeza herufi R. Kisanduku kidogo kitafunguka. Andika humo: mmsys.cpl, kisha bonyeza Enter. Njia hii ni ile ile kwa Windows 7, 10 na 11.

Hatua ya pili. Dirisha litakalofunguka lina vichwa kadhaa juu yake. Chagua kichwa "Sounds".

Hatua ya tatu. Tafuta maneno "Sound Scheme", yaani mpango wa sauti. Fungua orodha yake na uchague "No Sounds". Hapo milio yote ya mpango huo imeondolewa kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya nne. Chini yake kuna maneno "Play Windows Startup sound" na kijisanduku. Kama kina alama ya tiki, bofya ili kuiondoa. Huo ndio wimbo wa kuwasha.

Hatua ya tano ndiyo inayosahauliwa na wengi. Katika orodha ndefu iliyo katikati ya dirisha tafuta "Low Battery Alarm", bofya hapo, kisha chini kabisa fungua orodha ya sauti na uchague mojawapo. Bonyeza "Test" usikie ilivyo. Chagua inayosikika vizuri hata watu wakiwa wanazungumza. Fanya vivyo hivyo kwa "Critical Battery Alarm", na uipe sauti iliyo tofauti, ili anayesikia atambue kwamba hali sasa ni mbaya zaidi.

Hatua ya sita. Bonyeza "Save As" na uupe mpango huu jina, kwa mfano Tawi. Bonyeza "Apply", kisha "OK". Mtu mwingine akija kuharibu, utaurudisha kwa kuchagua jina hilo tu.

Ziko pia sauti zinazoletwa na programu nyingine, kama ujumbe unapoingia. Hizo huzimwa katika "Settings", sehemu ya "System", kisha "Notifications", penye ruhusa ya kutoa sauti. Na kama programu moja tu ndiyo msumbufu, fungua mipangilio ya programu yenyewe na uizime huko.

Wenye kompyuta za Apple wafungue "System Settings", kisha "Sound". Humo watapunguza "Alert volume" na kuondoa alama kwenye sauti ya kuwasha na sauti za kubonyeza. Wenye Ubuntu wafungue "Settings", kisha "Sound", na kupunguza sauti za mfumo.

Tahadhari moja. Ile milio ya zamani inayotoka kabla hata kioo hakijaonyesha chochote haizimwi kwa njia hizi, wala usihangaike kuizima. Kompyuta ikilia mara kadhaa ikikataa kuwaka, inasema kwamba ndani kuna hitilafu. Hesabu milio, angalia ni mifupi au mirefu, uandike kwenye karatasi na umpelekee fundi. Maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini fundi ataanzia hapo.

4. KWA NINI BETRI ISINYAMAZISHWE

Sisi wa West Nile tunajua habari ya umeme kuliko wengi. Kwa miaka mingi eneo letu lilikuwa nje ya gridi ya taifa, likitegemea mitambo ya dizeli na, tangu mwaka 2012, bwawa dogo la Nyagak karibu na Paidha lenye uwezo wa megawati 3.5. Mwaka 2024 ndipo tulipounganishwa na gridi ya taifa. Hata hivyo gridi haizuii mti kuangukia waya wakati wa mvua, na mikutano mingi ya wafanyakazi hufanyika chini ya mwembe, mbali na ukuta wenye soketi.

Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi haizimiki. Inahamia kwenye betri bila kusema, na kila mtu anaendelea na mazungumzo. Macho ya katibu yako kwa mzungumzaji, hayako kwenye alama ndogo ya betri iliyo pembeni ya kioo. Hapo ndipo sikio linapofanya kazi ambayo jicho haliwezi. Mlio mmoja, uliokuja peke yake katika ukimya, unatosha kumfanya abonyeze vitufe vya Ctrl na S kwa pamoja na kuhifadhi kazi yake.

Zaidi ya hayo, kompyuta kwa kawaida hungoja mpaka betri ifikie karibu asilimia 10 ndipo iseme. Kwa betri iliyozeeka hiyo ni kuchelewa. Katika "Control Panel", sehemu ya "Power Options", kuna mipangilio ya ndani ambamo unaweza kupandisha kiwango kinachoitwa "Low battery level" hadi 25. Hakikisha pia kwamba "Low battery notification" imewekwa "On". Na kabla ya mkutano angalia kwamba alama ya spika haikukatwa kwa msalaba, maana spika ikifungwa, mipango yote tuliyoifanya haitasikika.

5. FUNDISHO KWA KIWANDA NA SHAMBA

Ndugu mfanyakazi, unaweza kuuliza: mimi sina kompyuta, mimi niko kwenye mashine ya kusaga unga, kwenye karakana, au kwenye shamba la miwa. Somo hili lanihusu nini?

Lakuhusu sana. Mitambo ya leo ina milio, taa na ving'ora vyake, na sheria yake ni ile ile: kelele nyingi zisizo na maana huua tahadhari moja yenye maana.

Tarehe 24 Julai 1994 mlipuko mkubwa ulitokea katika mitambo ya kusafisha mafuta ya Milford Haven, huko Wales, Uingereza. Asubuhi yake radi ilivuruga mitambo. Valvu moja ilikuwa imefunga, lakini chumba cha uongozaji kilionyesha kwamba iko wazi. Kwa saa tano wafanyakazi walihangaika. Katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waongozaji wawili walipaswa kushughulikia tahadhari 275. Hiyo ni tahadhari moja kila sekunde mbili au tatu. Hakuna binadamu awezaye kusoma, kufahamu na kutenda kwa kasi hiyo. Ile iliyokuwa muhimu ilizama kati ya zile zisizo na uzito, na kama tani 20 za mafuta na gesi zikatoka na kuwaka. Watu 26 waliumia. Hakuna aliyekufa, na mojawapo ya sababu ni kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili na watu walikuwa wachache.

Angalieni vizuri: waongozaji wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Kosa lilikuwa katika mpango wa mitambo, iliyopiga kelele kwa kila jambo, kubwa na dogo, kwa sauti moja. Mwaka 1999 umoja wa watumiaji wa mitambo wa Uingereza uitwao EEMUA ulitoa mwongozo: katika hali ya kawaida mwongozaji asipewe tahadhari zaidi ya moja kwa kila dakika 10. Mwongozo huo ni kama maswali yetu matatu yaliyopelekwa kiwandani.

Hapa lazima tuseme jambo moja kwa nguvu. Kunyamazisha wimbo wa kompyuta ya ofisi ni uamuzi wa katibu. Kunyamazisha king'ora cha mtambo si uamuzi wa mfanyakazi mmoja, wala si uamuzi wa msimamizi anayeona kwamba kinachelewesha kazi. Kubandika gundi juu ya kengele, kukata waya wa king'ora au kufunga taa nyekundu kwa kitambaa ni kuhatarisha maisha ya wenzako wa zamu inayofuata, ambao hawajui ulichofanya. Kengele ikilia mara kwa mara bila sababu, iripotiwe kwa maandishi, siku na saa zikitajwa, ili mwajiri airekebishe. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, usalama mahali pa kazi ni wajibu wa mwajiri. Kengele inayolia ovyo ni mtambo mbovu, kama mkanda uliokatika.

6. MASIKIO YALIYOUMIA

Kelele inayofikia desibeli 85 kwa saa 8 kila siku huhesabiwa na wataalamu wa afya kazini kuwa hatari kwa masikio. Mashine ya kusaga na msumeno wa mbao huweza kuvuka hapo. Kipimo rahisi ni hiki: kama ni lazima upaaze sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, mahali hapo pana kelele ya kudhuru. Madhara yake huja polepole, bila maumivu, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Sauti za kwanza kupotea ni zile nyembamba, na milio mingi ya kompyuta na ya kengele ndogo ni nyembamba.

Basi katika matawi yetu wamo wanachama ambao hawasikii mlio wa betri hata ukiachwa. Wasiambiwe kwamba hawako makini. Kwa ajili yao Windows ina mpango wa kumulika kioo badala ya kulia, au pamoja na kulia. Katika Windows 11 fungua "Settings", kisha "Accessibility", kisha "Audio", na uchague kioo kimulike wakati wa tahadhari. Kiwandani nako, penye kelele nyingi au penye wafanyakazi waliopungukiwa usikivu, king'ora peke yake hakitoshi. Pawe na taa pia. Hilo ni dai la haki, na tawi linaweza kulipeleka kwa mwajiri.

7. KWA KIFUPI

Kelele na tahadhari hazifanani. Kelele hukunyima nafasi ya kumsikiliza mwenzako. Tahadhari hukulinda wewe na yeye. Mwenye kuziacha zote hasikii kitu, na mwenye kuzizima zote hasikii kitu. Kazi yetu ni kuchagua, na kuchagua pamoja.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Taja sauti zote ambazo kompyuta ya tawi letu hutoa. Kila moja ijibiwe maswali matatu. Zipi zizimwe, zipi zibaki?

2. Ni nani katika tawi, mbali na katibu, anayejua mpango wa sauti ulivyowekwa? Kama ni katibu peke yake, siku asipokuwapo itakuwaje?

3. Mahali petu pa kazi pana kengele, taa na ving'ora vingapi? Je, kila mfanyakazi, hata aliyeajiriwa wiki iliyopita, anajua maana ya kila kimoja kwa lugha anayoielewa?

4. Ipo kengele iliyozoeleka mpaka watu hawaigeukii tena? Tangu lini? Nani ameandikiwa juu yake, na alijibu nini?

5. Ni wanachama wangapi wanaolalamika kwamba masikio yao yanavuma wakitoka kazini? Majina yao yaandikwe kwa hiari yao, na yapelekwe kwenye kamati ya usalama.

Majibu ya swali la nne na la tano yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, yasomwe tena katika mkutano unaofuata, na ionekane kama kuna kilichobadilika.